Mikono Inaiba Pumzi: Maswali ya Wapiga Kinanda Wanaotaka Kuimba

Wiki hizi meseji zimemiminika kutoka kwa wapiga kinanda, na karibu wote wanalia kitu kimoja: wakipiga bila kuimba wako vizuri, wakiimba bila kupiga wako vizuri kiasi chake, ila wakiweka vyote pamoja sauti inakufa. Nimechagua chache. Mimi mwenyewe nimekaa nyuma ya kinanda kwenye bendi za hotelini Dar miaka mingi kabla sijaanza kufundisha, kwaiyo jambo hili linanigusa, na pale panapohitaji nitajibu kwa urefu.

SWALI: Bwana asifiwe mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani huku Mbeya, nina miaka 24. Aliyekuwa anaongoza kusifu amehama, mchungaji kasema niongoze mimi huku napiga. Tatizo nikifika katikati ya mstari pumzi imeisha, na kwenye noti za juu nakaza shingo mpaka mishipa inatoka, watu wanaacha kuimba wananiangalia. Nikiwa bafuni sauti ipo kabisa. Hivi mimi sina sauti ya kuongoza au kuna kitu nakosea?

JIBU: Marahaba kijana, na asifiwe. Sauti unayo, umeshasema mwenyewe bafuni ipo. Sasa jiulize bafuni unakuwaje: umesimama wima, mikono huru, kichwa kiko juu, huwazi kodi (noti zinazopigwa pamoja) inayofuata ni ipi. Afu Jumapili unakaa kwenye kiti kifupi, kinanda kiko juu, mabega yamepanda, shingo imeinama unatazama vidole, tumbo limekunjwa kama umebeba kitu mapajani. Pumzi itashukia wapi hapo? Ukivuta hewa vizuri mbavu za chini zinapanuka na tumbo linatoka mbele kidogo, ukiwa umejikunja halina pa kutokea, kwaiyo unabaki kuvutia kifuani juu, na hewa ya kifuani juu inaisha haraka na inakaza shingo. Hiyo mishipa unayoisema imeanzia kwenye kiti.

Kwaiyo anza na kiti kabla ya mazoezi yoyote ya sauti. Kaa mbele ya kiti, nusu yake tu, miguu yote miwili chini, viwiko viwe usawa wa kinanda au juu yake kidogo. Kama kiti cha kanisani ni kile cha plastiki ambacho ukikaa unazama, weka kingine juu yake, viwili vilivyopandana vinakupa kimo kizuri tu. Ukipiga umesimama ni nafuu zaidi kwa sauti ila pandisha stendi, nimeona vijana warefu wanapiga kinanda kilicho usawa wa mapaja, wanaimba wameinama ibada nzima.

Na maiki. Maiki nyingi nilizoziona makanisani zinawekwa mbele katikati na zinalala chini karibu na funguo, mpigaji anashusha kichwa kuifuata. Tafuta stendi yenye mkono, iingie kutoka pembeni, iwe usawa wa mdomo wako ukiwa umekaa wima, vidole vitatu hivi kutoka mdomoni. Maiki ndo ikufuate wewe.

Baada ya hapo tuje kwenye mikono, maana mikono inaiba pumzi kwa njia nyingine ambayo watu hawaioni. Ukifika mahali pagumu kwenye kupiga, kodi ya kupitia labda au kale kamkimbio ka noti za haraka ka mkono wa kulia, unabana pumzi bila kujua, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Jirekodi na simu uone, utakuta sauti inakatika palepale mkono unapopata kazi. Dawa yake ni kupunguza mkono. Ukiwa unaimba, kushoto piga mzizi wa kodi tu, kulia shika kodi itulie, ule ufundi wako wote uweke kwenye mapengo baada ya mstari, pale unapovuta hewa. Najua inauma, umehangaika miaka kujifunza mikimbio hiyo, ila msikilizaji anayefuata maneno hataki kushindaniwa na mtu huyohuyo mmoja.

Namna ya kufanyia mazoezi nyumbani, chukua wimbo mmoja tu wiki nzima. Siku mbili za kwanza piga huku unayasema maneno kwa sauti ya kawaida, bila kuimba, mpaka mikono isimame hata ukisema. Kwenye karatasi ya maneno weka alama kwa penseli kila sehemu utakayovuta hewa, na uivute hapo kila mara hata kama bado unayo, maana ukingoja iishe umeshachelewa. Afu imba na mkono wa kushoto peke yake, polepole, metronomu (kile kipima mwendo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, siku nyingine mbili. Mkono wa kulia unakuja mwisho. Ukiruka hatua ukaanza na vyote pamoja unaufundisha mwili ile kukaza shingo, na kikishazoeleka kukitoa ni kazi.

Mazoezi ya pumzi yenyewe hayana siri. Vuta hewa tumbo litoke, afu itoe kwa «sss» nyembamba isiyoyumba, hesabu. Wengi wanaanzia sekunde 12 au 15, ukifika 25 bila kutetemeka mistari mingi utaimaliza. Na kabla ya ibada piga ile «brrr» ya midomo ambayo watoto wanaigizia pikipiki, ipandishe na kushusha noti tano tano, dakika tano zinatosha kupasha sauti bila kuichosha.

Bado sijafika kwenye noti za juu, na hapo nadhani kosa ni la kei, yaani noti unayoanzia do ya wimbo, kuliko lako. Vitabu vya nyimbo za kwaya vimepangwa kwa sauti nne na ile sauti ya kwanza ni ya kina mama waliozoea kupanda. Wewe ukiongoza waumini wote, noti ya juu kabisa ya wimbo isizidi D au E flati (ufunguo mweusi ulio chini ya E), iwe ni ile iliyo jirani juu ya C ya katikati kwa wanaume, na ile ya oktevu inayofuata kwa wanawake. Hapo wazee, vijana na kina mama wote wanaweza. Mfano wimbo unaopanda mpaka do ya juu, ukiupiga kwenye kei ya G hiyo do ni G, mwanaume wa kawaida hapo anapiga kelele tu. Ushushe kwenye D au E flati uone kanisa linavyoitikia. Wakiacha kuimba wakabaki wanakuangalia, mara nyingi na wao wameshindwa kufika.

Nikupe na moyo kidogo. Mwaka 1954 huko Atlantic City Marekani kulikuwa na binti mpiga piano, kasomea muziki wa klasiki, kuimba hakukuwa kwenye mipango yake kabisa. Kapata kazi kwenye baa, mwenye baa akamwambia akitaka kuendelea na kazi na kuimba aimbe. Akaanza kuimba kwa sababu hiyo, na jina alilojipa hapo, ili mama yake mhubiri asijue yuko baa, ndo dunia inamjua nalo mpaka leo: Nina Simone. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko wengi walivyotegemea kwa mwanamke, na hakuikaza ipande, aliimba palepale ilipo. Na wewe imba ilipo yako.

SWALI: Mwalimu, kwani kutumia kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha kei bila kubadili vidole, ni kosa? Napiga kei moja tu, C, zingine zote nabonyeza. Wenzangu wananicheka. (Mwanza)

JIBU: Sio kosa. Kitufe kimewekwa kitumike, na kwa anayeimba ni msaada mkubwa kwa sababu koo haliko sawa kila siku, asubuhi ya ibada ya kwanza sauti iko chini, jioni imepanda, nusu toni moja tu (hatua ya ufunguo mmoja) inaweza kukuokoa. Nakuomba mambo mawili. Moja, mwambie mpiga besi na wa gita kei halisi inayosikika, usiwaambie «C» wakati wewe umeongeza tatu wao wanasikia E flati. Pili, rudisha sifuri kabla ya wimbo unaofuata, kila mpiga kinanda ninayemjua ameshawahi kusahau na wimbo ukaanza kwa fujo mbele za watu.

Ila nyumbani jifunze F, G na D kwa vidole vyako. Sababu yake ni ya kuimba: ukizoea C tu, sikio lako linajua nafasi za vidole na halijui nafasi za koo. Mtu anayezijua kei kwa mikono anaanza kusikia «hapa noti yangu ya mi inabana, pale inakaa», na hilo ndo linamfanya achague vizuri.

SWALI: Hujambo mwalimu. Mie napiga na kuimba peke yangu hotelini huku Mombasa, masaa matatu kwa usiku, siku sita kwa wiki. Ikifika Ijumaa sauti imekauka, Jumamosi nakwaruza tu. Natumia tangawizi, ndimu na asali kila siku lakini wapi. Nifanyeje na kazi siwezi kuacha?

JIBU: Sijambo dada, au kaka, hukusema. Pole sana. Swali lako nalijua kwa mwili wangu, kuna hoteli moja niliwahi kupiga karibu na spika za baa, usiku kucha nashindana nazo, mwezi wa pili sauti ikaondoka wiki mbili nzima na hakuna aliyenilipa siku hizo. Kwaiyo nakujibu kwa uchungu kidogo.

Kwanza tuiweke tangawizi mahali pake. Chochote unachomeza hakigusi nyuzi za sauti. Nyuzi ziko kwenye njia ya hewa, na ukimeza kile kifuniko kinafunga njia hiyo chakula na kinywaji vipite upande wa umio. Zingeguswa na chai ungepaliwa. Tangawizi inapasha moto koo na inafariji, kunywa kama unapenda, ila usifikiri inapaka mafuta kule. Kinacholainisha nyuzi ni maji yaliyoshafika kwenye damu, nayo yanachukua muda, kwaiyo maji ya kazi ya saa mbili usiku yanywe kuanzia mchana. Chupa moja ya maji baridi jukwaani haifidii siku nzima uliyokaa kavu. Mvuke unafika moja kwa moja kwa sababu unauvuta na hewa: beseni la maji ya moto, kitambaa kichwani, dakika kumi kabla ya kulala, bila kuweka kitu kikali ndani. Na kama chumba unachopiga kina eisii inayokupulizia usoni omba igeuzwe, kukausha koo ndo kazi yake.

Lakini nadhani chanzo ni kelele. Mwaka 1911 daktari mmoja Mfaransa wa masikio na koo, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwa kwenye kelele anapandisha sauti bila kukusudia, na mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake. Huwezi kulizuia kwa kujikumbusha tu. Unatakiwa ujisikie. Monita, ile spika ya kujisikia mwenyewe, iwe karibu, ielekee masikioni mwako, na ikae upande wa mgongo wa maiki ili isipige mluzi. Kama hoteli haina, tenga pesa ununue ya kwako hata ndogo ya mkono wa pili, au tumia hedifoni sikio moja tu kutoka kwenye miksa. Ongeza sauti yako kwenye monita na upunguze kinanda, wapiga kinanda tunapenda kujisikia vidole afu tunapigia kelele juu ya vidole vyetu wenyewe. Kuna usiku nilishusha kinanda kwenye monita robo tu nikamaliza kazi nikiwa na sauti ya kwenda kuongea na watu.

Afu dada au kaka yangu, wewe una kitu ambacho mwimbaji mtupu hana, una mikono. Masaa matatu sio lazima yote yaimbwe. Panga kila nyimbo tatu za kuimba moja ya kinanda peke yake, wageni wakiwa wanakula ndo wanafurahi zaidi. Zile nzito usizirundike mwisho koo likiwa limechoka, ziweke katikati. Wakati wa mapumziko usiende kupiga stori na wateja kwenye kelele, hapo ndo watu wanamalizia sauti. Kunong'ona nako sio kupumzisha, nyuzi zinakazwa vibaya ukinong'ona, bora unyamaze au uongee chini kwa kawaida. Na kile chakula cha saa sita usiku baada ya kazi, biriani umeshiba afu moja kwa moja kitandani, asidi inapanda mpaka kooni unaamka umekwaruza, watu wanasema ni baridi. Kula mapema, au kula kidogo na ukae kama masaa mawili hivi kabla ya kulala.

Kuna zoezi moja la mrija nalipenda sana kwa watu wa kazi kama yako, na watafiti wa sauti kama Ingo Titze wa Marekani wamelieleza vizuri. Weka mrija kwenye glasi ya maji, uzame kama vidole viwili, uimbe «uuu» kupitia mrija mpaka maji yachemke viputo, panda na kushuka taratibu. Msukumo wa hewa unaorudi unasaidia nyuzi zikutane kwa wepesi bila kugongana kwa nguvu. Dakika tano kabla ya kazi na tano baada ya kazi. Ile ya baada watu wanaipuuza na ndo inayokusaidia kesho.

Sasa neno ambalo sitalilainisha. Kukwaruza kukizidi wiki tatu, au sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, au ukisikia maumivu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuchungulie na kamera. Usimeze aspirini ukaendelea kuimba, inafanya damu isigande haraka na nyuzi zilizochoka zinaweza kuvujia ndani. Elton John, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya kukaa kwenye piano na kuimba, alifika ziara ya Australia koo limeharibika, akaimba hivyohivyo, Januari 1987 akafanyiwa upasuaji, na baada ya hapo sauti yake ikawa nzito, zile noti nyembamba za juu za ujana wake hazikurudi. Yeye alikuwa na pesa ya daktari mzuri. Ongea na meneja siku sita ziwe tano. Akikataa, zile siku mbili za katikati ya wiki piga kinanda zaidi ya kuimba, na usimuombe mtu ruhusa ya hilo.

SWALI: Assalaam aleykum mwalimu. Niko Unguja, napiga kinanda kikundi cha taarab na sasa nimepewa nyimbo mbili niimbe. Mwalimu wa kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) ananambia sauti yangu «imenyooka kama kinanda», haina ladha. Mie naona niko kwenye tyuni kabisa.

JIBU: Wa aleykum salaam bi dada. Nyote wawili mko sawa. Kinanda kina vituo kumi na viwili kwenye oktevu na kila kimoja kimefungwa mahali, sikio lako limekulia hapo. Maqamu (mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu) nyingine zina noti zinazoangukia katikati ya vituo. Chukua maqamu ya Rasti ya kuanzia C: ile E na ile B zinakaa chini ya E na B za kinanda kwa kama robo toni, lakini hazifiki kwenye flati. Udi na fidla wanaziweka kwa kidole, kanuni ina vile vipande vya kuinua nyuzi, wewe ukiimba unaikimbilia E ya kinanda kwa mazoea. Yeye anasikia umenyooka.

Mazoezi yako yafanyie mbali na kinanda. Kaa na huyohuyo mwalimu wa kanuni, akupigie noti moja, ishike kwa «aa» mpaka mtetemo baina yenu utulie, afu ya pili, ya tatu, taratibu. Fuatisha waimbaji wa zamani mstari mmoja mmoja, pale wanapoingia noti kwa kuteleza kutoka chini, na yale mapambo mwisho wa beti. Vinanda vingine vina sehemu ya kushusha noti robo toni, kama chako kinayo iwashe kwa wimbo huo ili vidole visikuvute tena. Na kwa kuwa uko Unguja, pale Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa 2002, wanafundisha muziki huu na ala zake, nenda hata kwa masomo machache. Usipige kinanda kwenye hizo nyimbo mbili kwa sasa kama kuna wa kukushikia. Ukishazishika kooni, mikono itakuja.

SWALI: Nikijisikiliza kwenye simu sauti yangu inanichukiza, nyembamba sana, nikiimba naisikia nzito nzuri. Simu mbovu au? Na miaka 41 si nimechelewa? (Nakuru)

JIBU: Simu haina kosa kubwa. Ukiimba unajisikia kwa njia mbili, hewa inayoingia masikioni na mtetemo unaopita kwenye mifupa ya kichwa, na mifupa inaongeza ule uzito wa chini. Simu inapata ya hewa tu, na ndo wanayoisikia wengine siku zote, wao wameshaizoea na wameshaipenda au wameiacha. Jirekodi kila siku wiki mbili, ule ugeni utaisha, na hapo ndo utaanza kusikia vitu vya maana, wapi unashuka chini ya noti na wapi neno halieleweki. Weka simu mbali kidogo, hatua tatu hivi, ukiiweka juu ya kinanda inanasa kinanda na kelele za vidole.

41 hujachelewa. Kooni mwanaume au mwanamke wa umri huo amekomaa, hajazeeka. Utakachohitaji zaidi ya kijana ni kupasha sauti muda mrefu kidogo, dakika 15 badala ya tano, na kutoipandisha ghafla asubuhi. Anza na nyimbo tatu ulizozizoea vidoleni kabisa kiasi cha kupiga huku unaongea na mtoto wako, kwenye kei ambayo noti ya juu iko nusu toni mbili chini ya mwisho wako. Mwezi mmoja, dakika 20 kwa siku. Afu niandikie tena uniambie noti ya juu imefika wapi, na unitumie na hiyo rekodi.